Jina, Hesabu na Haki: Nafasi ya Watu wenye Ualbino katika Nchi za Ziwa Victoria

I. Maana ya uchache

Methali mbili za Kiswahili hugombana katika jambo linaloelezwa hapa. Ya kwanza husema, "Wengi wape." Ya pili husema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Dola ya kidemokrasia yazihitaji zote mbili. Bila ya ile ya kwanza hapana uchaguzi, maana kuchagua ni kuhesabu kura na kuwapa madaraka waliopata nyingi. Bila ya ile ya pili uchaguzi wenyewe hugeuka kuwa njia halali ya kumdhulumu mtu asiye na wenzake wa kutosha kushinda. Alexis de Tocqueville na John Stuart Mill, waandishi wa siasa wa karne ya 19, waliiona hatari hiyo mapema, nao walionya kwamba walio wengi nao waweza kuwa madhalimu kama mfalme mmoja.

Lakini ni nani hao wanaoitwa wachache? Kwa hesabu tupu, kila mtu ni mmoja wa wachache kwa njia fulani: wenye mashua ni wachache kuliko wasio nazo, na waganga ni wachache kuliko wagonjwa. Mwaka wa 1977 mtaalamu wa sheria Mtaliana, Francesco Capotorti, aliyefanya uchunguzi kwa ajili ya Umoja wa Mataifa, alitoa maelezo yanayotumiwa mpaka leo. Alisema, kwa ufupi, kwamba wachache ni watu waliopungua kwa idadi kuliko wakazi wengine wa dola, wasioshika nguvu za kutawala, na wenye sifa zao za kabila, dini au lugha zinazowatofautisha na wengine. Sharti la pili lapita la kwanza kwa uzito, na historia ya Tanganyika yaonyesha sababu yake. Katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka wa 1955, viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali viligawanywa sawasawa, 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu, ingawa Waafrika walikuwa karibu wakazi wote wa nchi. Wazungu walikuwa wachache sana kwa idadi, wala hapana aliyewahesabu kuwa wanyonge.

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria walilijua jambo hilo vizuri. Mwaka wa 1958 wakulima wa Geita waliikataa halmashauri ya mchanganyiko wa rangi waliyopewa na serikali ya kikoloni, na wengi wao wakaenda mpaka Mwanza kutoa malalamiko yao. Katika uchaguzi wa mwaka ule na wa uliofuata, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Mwezi wa Oktoba 1961, sheria ya uraia ilipojadiliwa, Julius Nyerere alisimama imara kukataa uraia uliojengwa juu ya rangi ya mtu. Tangu hapo siasa ya nchi imejengwa juu ya raia, si juu ya kabila wala rangi, na lugha ya Kiswahili imekuwa chombo kikubwa cha kazi hiyo.

Ujenzi huo ulifaulu kwa kadiri kubwa. Msukuma, Mkerewe, Mzinza, Mjita na Mjaluo hukutana katika soko la Mwanza wakaelewana, wala hapana anayeulizwa kabila lake kabla ya kuandikishwa kupiga kura. Hata hivyo, katika mkoa huohuo wa Mwanza na katika mikoa jirani ya Shinyanga, Geita, Simiyu, Mara na Kagera, wako raia waliowindwa kwa sababu ya ngozi zao. Hao ni watu wenye ualbino. Makala haya yachunguza nafasi yao katika jamii na katika dola, na hasa jinsi nafasi hiyo ilivyofungamana na majina wanayoitwa.

II. Wachache wasio na jimbo

Watu wenye ualbino hawaingii barabara katika maelezo ya Capotorti. Masharti mawili ya kwanza wanayatimiza, maana ni wachache na hawatawali. Sharti la tatu hawalitimizi. Hawana kabila lao, kwa kuwa huzaliwa katika kila kabila. Hawana dini yao, wala hawana lugha yao. Aina ya ualbino iliyoenea katika Afrika ya Mashariki hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, nao wazazi hao aghalabu wana ngozi nyeusi kama jirani zao. Basi mtoto huyo husema lugha ileile ya mama yake, huswali au husali pamoja na ndugu zake, naye huwa wa uchache ambao hata wazazi wake si wa kundi lake.

Jambo hilo lina matokeo makubwa ya kisiasa. Wachache wenye kabila au lugha yao mara nyingi hukaa mahali pamoja. Wakerewe, kwa mfano, ni wachache wakilinganishwa na Wasukuma, lakini wana kisiwa chao, wana wilaya, na wana jimbo la uchaguzi; mtu atakaye kura zao hana budi kuwavukia. Mtu mwenye ualbino hana kisiwa. Sensa ya mwaka wa 2012, iliyokuwa ya kwanza nchini Tanzania kuwahesabu, iliwapata karibu watu 16,500 katika wakazi milioni 44.9, yaani kama mtu mmoja katika kila 2,700. Hata wakikusanya kura zao zote, wametapakaa mno kuweza kumshindisha diwani wa kata moja. Idadi hiyo yenyewe ni kubwa ikilinganishwa na ya Ulaya na ya Amerika ya Kaskazini, ambako hukadiriwa mtu mmoja katika 17,000 au 20,000. Lakini ukubwa huo hauwapi nguvu yoyote ya kura.

Kuhusu vyanzo vya mauaji, wataalamu wameeleza mengi. Deborah Bryceson na wenzake, katika makala yaliyotolewa mwaka wa 2010, waliyahusisha na uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao utajiri wake huja ghafula na kuondoka ghafula, hata wachimbaji wakatafuta dawa za bahati kwa waganga. Yaweza kuongezwa kwamba uvuvi wa sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20, ulileta hali kama hiyo katika ufuko wa ziwa: fedha nyingi kwa siku moja, mikono mitupu kwa wiki nzima. Mahali ambapo kipato hakifuati jasho, watu huuliza siri iko wapi, na mwenye kuuza siri hakosi mnunuzi. Basi soko liliumbwa, na bidhaa ya soko hilo ilikuwa viungo vya binadamu. Kati ya mwaka wa 2000 na 2015 ziliarifiwa habari za watu zaidi ya 70 wenye ualbino waliouawa nchini, wengi wao katika Kanda ya Ziwa.

Wachache wengine katika dola huweza kutengwa na kubaki hai. Hawa walikabiliwa na hatari ya kuuzwa. Yafaa sasa kutazama lugha, maana mtu hauzwi kabla hajafanywa kitu, na kumfanya mtu kuwa kitu huanza kwa maneno.

III. Majina na ngeli

Neno lililozoewa tangu zamani ni "zeruzeru". Kamusi za Kiswahili za karne ya 20 zimeliorodhesha, na wingi wake huwa "zeruzeru" au "mazeruzeru". Shina "zeru" halitumiki peke yake katika Kiswahili cha leo. Wasemaji wengi hulieleza kuwa lina maana ya mzimu au kiumbe kisicho mtu kamili. Na hata ikiwa maelezo hayo si asili ya neno, ndiyo yanayoliongoza katika matumizi. Kwa hiyo mtu akiitwa "zeruzeru" njiani huisikia hukumu kabla ya kusikia salamu.

Pana hoja inayosikika mara nyingi kwamba Kiswahili humdharau mwenye ulemavu kwa kumtia katika ngeli ya ki-vi, ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini yataka kuangaliwa kwa makini. Katika ngeli hiyohiyo wamo kiongozi, kijana na kinyozi, na hapana anayeona aibu kuitwa kiongozi. Tena, upatanisho wa sentensi haumfuati ki-. Husemwa "kipofu yule amekuja", wala si "kipofu kile kimekuja". Sarufi ya Kiswahili yamtambua mwenye uhai hata pale kiambishi kinapomsahau. Basi udhalili hautoki katika ki- peke yake. Watoka katika jambo jingine: kwamba neno zima limeundwa kwa kile alichokosa mtu, na mtu mwenyewe hakutajwa. "Kipofu" ni jicho lisiloona lililopewa miguu ya kutembea.

Neno "albino" liliingia kutoka lugha za Ulaya. Asili yake ni Kireno, nalo latokana na neno la Kilatini la weupe. Kwa kuwa lilikuja bila historia ya mizimu, lilipokewa kama neno safi la hospitali na shule. Chama kilichoundwa mwaka wa 1978 kilijiita Chama cha Albino Tanzania. Lakini neno hilo nalo lilikuwa na upungufu uleule: lilitaja rangi, likamwacha mtu. Baadaye jina la chama likabadilishwa kuwa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Badiliko hilo lastahili kuangaliwa na wanasarufi. Kiambishi u- cha majina ya hali kiliongezwa mbele ya neno la kigeni, kama katika "ulemavu", "upofu" na "uzee", na hali ikatengwa na mtu. Kisha neno "mtu" likatangulizwa, na "-enye" likaunganisha. Katika "mtu mwenye ualbino" kichwa cha fungu ni mtu. Kila kivumishi na kila kitenzi kitakachofuata hupatana na mtu. Ualbino umekuwa kitu alicho nacho, kama alivyo na jina, watoto na kadi ya kupigia kura.

Palikuwa na jina jingine katikati, "mlemavu wa ngozi", ambalo bado hutumika magazetini na katika hotuba. Ngeli yake ni ya watu, lakini maelezo yake ni nusu. Ualbino ni upungufu wa melanini katika ngozi, nywele na macho pia. Mtoto mwenye ualbino aghalabu haoni vizuri ubaoni. Mwalimu aliyefundishwa kwamba tatizo liko katika ngozi atampa mtoto kofia na kumsahau kumsogeza mbele. Jina lisilo kamili laweza kumkosesha mtu elimu bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Jina baya kupita yote ni jipya kuliko yote. Katika miaka ya mauaji vijana wa mitaani walianza kuwaita watu hawa "dili". Mwanaanthropolojia Giorgio Brocco, katika makala yake ya mwaka wa 2015 juu ya majina ya watu wenye ualbino, alilikuta neno hilo katika vijiji vya mkoa wa Iringa, mbali na ziwa, na hiyo ni dalili ya jinsi lilivyosafiri. "Dili" ni neno la biashara lililotoholewa kutoka Kiingereza. Maana yake ni mapatano yenye faida. "Zeruzeru" lilimtoa mtu katika ubinadamu likamweka kando. "Dili" lilimrudisha kwa kumpa bei. Aliyelisema kwa mzaha kituoni na aliyelisema kwa nia mbaya porini walitumia neno moja, na aliyeitwa hakuwa na njia ya kujua yupi ni yupi.

IV. Kupotea na kuuawa

Imani iliyoenea katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ilisema kwamba mtu mwenye ualbino hafi, bali hupotea. Wengi wameieleza imani hiyo kuwa ushirikina tu. Mwanaisimu aweza kuongeza neno lake, kwa sababu siri ya imani hiyo imo katika kitenzi.

"Kupotea" ni kitenzi kisichodai mtendaji. Kikisemwa "ng'ombe amepotea", hapana anayeulizwa. Huenda ng'ombe alikwenda mwenyewe. "Kuuawa" ni kitenzi cha kutendwa, na kitenzi cha kutendwa, hata kikisemwa bila mtendaji, huacha nafasi yake wazi: ameuawa na nani? Kijiji kilichozoea kusema kwamba watu hawa hupotea kilikuwa kimekwisha futa swali kabla halijaulizwa. Mtoto aliyefichwa ndani kwa aibu tangu kuzaliwa, akafa kwa ugonjwa au kwa mkono wa mtu, akazikwa usiku bila matanga, kwa jirani huyo alikuwa amepotea kweli. Hakuonekana akizaliwa, hakuonekana akizikwa.

Hapa ndipo lugha na sheria hukutana. Mahakama haiwezi kuendesha kesi ya kupotea. Yataka mtendaji, tendo na mtendwa. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto wa kiume mwenye ualbino katika wilaya ya Bukombe. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo. Kwa mara ya kwanza nafasi ya mtendaji katika sentensi ilijazwa kwa majina ya watu. Katika mji wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba kutoka Mwanza, pamesimamishwa sanamu ya ukumbusho wa waliouawa na waliojeruhiwa, na majina yao yameandikwa. Mtu ambaye jina lake limechorwa mahali pa wazi hawezi tena kusemwa kwamba alipotea.

V. Kuhesabiwa, kukaa Bungeni na kupiga kura

Dola ina njia tatu kubwa za kumtambua raia: kumhesabu, kumpa kiti, na kumlinda kwa sheria. Zote tatu zimejaribiwa katika habari hii.

Kuhesabu kulikuja mwaka wa 2012, kama ilivyotajwa. Kenya ilifanya vivyo hivyo katika sensa ya mwaka wa 2019, ikapata watu 9,729. Msomaji aweza kudhani kwamba hesabu ni jambo dogo. Lakini mwenye kuhesabu hana budi kuwa na neno la kuandika katika karatasi yake, na karani wa sensa aliyefika nyumba hadi nyumba Kwimba, Magu na Ukerewe alilichukua neno hilo mpaka mlangoni mwa watu. Swali la serikali lilimlazimu mzazi amtoe ndani aliyefichwa, au aseme uongo kwa makusudi.

Kiti kilitangulia hesabu. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 66, yampa Rais uwezo wa kuteua wabunge wasiozidi 10. Mwezi wa Aprili 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia katika Bunge hilo. Mwezi wa Oktoba 2010 Salum Khalfan Barwany alichaguliwa kwa kura za wananchi katika jimbo la Lindi Mjini, akalishika mpaka mwaka wa 2015. Mwezi wa Desemba 2015 mwanasheria Abdallah Possi aliteuliwa kuwa naibu waziri, kisha akawa balozi nchini Ujerumani. Kenya nayo ilimpata Isaac Mwaura, aliyeteuliwa kuwa mbunge mwaka wa 2013.

Kati ya njia hizo, ile ya Lindi yastahili kupimwa kwa namna yake. Kiti cha kuteuliwa ni hisani, na hisani hutoka mkononi mwa aliye juu. Aliyeipa aweza asiipe tena. Kiti cha jimbo hutoka kwa wengi. Wapiga kura wa Lindi walioweka alama karibu na jina la Barwany hawakuwa na ualbino. Walimchagua kuwa mbunge wao, si mbunge wa ngozi yake. Huo ndio wakati ambapo "wengi wape" na "haki yake mpeni" zilipatana. Hata hivyo, haifai kuitegemea bahati kama hiyo. India, katika katiba yake ya mwaka wa 1950, iliwatengea viti watu wa matabaka yaliyoitwa najisi, kwa kuwa nao wametapakaa kila mahali wala hawana lugha yao peke yao. Na huko pia ugomvi wa jina ulizuka: Gandhi aliwaita Harijan, watu wa Mungu, kwa nia njema, B. R. Ambedkar, aliyekuwa mmoja wao, alilikataa jina hilo, na wengi wao baadaye wakachagua kuitwa Dalit, yaani waliokandamizwa. Jina la huruma na jina la madai si kitu kimoja, hata likiwa la heshima namna gani.

Kura yenyewe ilitumika kwa njia isiyo ya kawaida. Mwezi wa Machi 2009 serikali iliwaita wananchi, hasa wa Kanda ya Ziwa, wapige kura za siri kuwataja watu waliowashuku kuhusika na mauaji. Nia ilikuwa kuwapa ujasiri wale walioogopa kusema. Lakini neno "kura" lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuchagua kwa bahati, na maana hiyo ingalipo katika Kiswahili. Karatasi isiyo na jina la mwandishi yaweza kumtaja mwuaji. Yaweza pia kumtaja kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ambaye katika nchi za Wasukuma amekuwa akishukiwa uchawi kwa miaka mingi, na wengi wa namna hiyo wameuawa kwa sababu ya shuku hiyo. Kura hiyo yaweza kuwapa polisi pa kuanzia. Haiwezi kuwa ushahidi. Wachache hawalindwi kwa kuwapa wengi kalamu ya kuwashtaki wachache wengine.

Ulinzi wa sheria haukukosekana katika vitabu. Ibara ya 12 ya Katiba yasema kwamba binadamu wote ni sawa, na ibara ya 13 yakataza kubagua watu kwa kabila, rangi, dini na mambo mengine yaliyotajwa. Ulemavu haumo katika orodha hiyo. Neno "rangi" liliwekwa pale kwa kumbukumbu ya siasa za mwaka wa 1955, yaani Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Hapana aliyemfikiria Mwafrika ambaye ngozi yake si nyeusi. Upungufu huo ulizibwa kwa kiasi kikubwa Tanzania iliporidhia mwaka wa 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka wa 2010. Mwezi wa Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwamo haki ya kuishi. Dola, kwa maneno mengine, huulizwa si kwa lile ililolitenda tu, bali pia kwa lile ililoshindwa kulizuia.

VI. Ulinzi unaotenga

Mauaji yalipozidi, watoto wengi walichukuliwa kutoka vijijini wakawekwa katika shule za bweni zenye ulinzi. Shule ya Msingi Mitindo, wilayani Misungwi, na kituo cha Buhangija mjini Shinyanga, kilichoanzishwa kwa ajili ya watoto wasioona, ziliwapokea. Bila shaka maisha mengi yaliokolewa. Lakini shule hizo zilijaa kupita kiasi, na baadhi ya watoto walikaa huko miaka bila kutembelewa na wazazi.

Hasara moja haijatajwa sana, nayo ni ya lugha. Mtoto wa Ukerewe au wa Kwimba aliyepelekwa bwenini akiwa na miaka mitano huacha nyuma lugha ya nyumbani kwao kabla haijakomaa kinywani. Hukua kwa Kiswahili cha bwenini pamoja na wenzake kutoka makabila mengine. Akirudi baada ya miaka 10, hawezi kuzungumza na bibi yake kwa ufasaha, wala hajui maneno ya kilimo, ya uvuvi na ya matani ya ukoo. Ilisemwa hapo juu kwamba watu hawa hawana lugha yao inayowatenga na wengine. Ulinzi wa bweni waweza kuwaumbia utengano ambao kuzaliwa hakukuwaumbia.

Wala hatari haikwisha. Mwezi wa Desemba 2014 mtoto wa kike alitekwa nyumbani kwao wilayani Kwimba. Mwezi wa Februari 2015 mtoto mchanga alitekwa katika mkoa wa Geita, akauawa. Mwezi wa Mei 2024, baada ya miaka ambayo wengi walidhani mambo yametulia, mtoto wa miaka miwili na nusu alitekwa wilayani Muleba, mkoani Kagera, na mwili wake ukapatikana mwezi wa Juni. Wakati huo neno "ualbino" lilikuwa limekwisha zoeleka redioni, shuleni na Bungeni. Jina jema halikumzuia mwuaji.

Tena kuna kifo kingine kisichopigiwa kelele. Jua la ziwani humwua mtu mwenye ualbino polepole kwa kansa ya ngozi, hasa mkulima na mvuvi, ambao kazi zao hazina kivuli. Mafuta ya kukinga jua hutengenezwa Moshi, na hospitali ya Bugando huko Mwanza ni rufaa ya kanda nzima. Lakini mtu wa kisiwa cha mbali hana budi kupata nauli ya chombo kabla ya kupata mafuta. Haki ya kuishi kwake yapimwa kwa kofia, shati la mikono mirefu na safari ya kliniki.

VII. Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yaweza kushikwa. La kwanza, maelezo ya kawaida ya wachache, yaliyojengwa juu ya kabila, dini na lugha, hayatoshi katika Afrika ya Mashariki, kwa kuwa yanawaacha watu waliodhulumiwa kupita wengi na ambao hawana hata kimoja cha vitu hivyo. Wachache wasio na jimbo hawawezi kuitegemea hesabu ya kura. Wanategemea dhamiri ya wengi, iliyoandikwa katika sheria na kusimamiwa na mahakama.

La pili, kwa watu wa namna hiyo jina ni jambo la kisiasa kwa maana kamili, kwa kuwa ndilo linalowakusanya. Mkerewe ana kisiwa na ana lugha. Mtu mwenye ualbino ana jina tu la kumwunganisha na mwenzake wa wilaya nyingine. Mwenye kulishika jina hilo ameshika mlango wa uraia wake.

La tatu, mlango si nyumba. Kutoka "zeruzeru" mpaka "mtu mwenye ualbino" ni safari ya kweli, na Kiswahili kimeonyesha kwamba kina nyenzo za kuifanya bila kuazima sarufi ya mtu. Lakini neno hulinda pale tu linapofuatwa na polisi anayefika mapema, mwalimu anayemsogeza mtoto mbele, na jirani anayekataa kusema "amepotea".

Kwa wataalamu wa lugha ipo kazi iliyo wazi. Watunzi wa kamusi wanapoliingiza "zeruzeru" walitie alama ya kuwa ni neno la dharau, wala wasilifute, maana neno lililofutwa kamusini hubaki mitaani bila onyo. Waandike "ualbino" kwa maana kamili, wakitaja macho pamoja na ngozi. Na vitabu vya kiada, pamoja na kamusi zenyewe, vichapwe pia kwa herufi kubwa, ili mtoto mwenye ualbino anayesoma Mitindo au katika shule ya kijiji chake aweze kulitafuta jina lake mwenyewe, alione, na alisome bila kusomewa.